Mashine ya Sebuleni

2 Februari

Dada, shikamoo.

Natumaini u mzima na mgongo umetulia. Mimi sijambo. Kazi ipo, tena nyingi: wiki hii tuko kwenye jengo refu ambalo lifti yake husimama katikati ya ghorofa kila mvua ikinyesha, na wapangaji wanatutazama sisi mafundi kana kwamba sisi ndio tulioileta mvua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Tufuate utaratibu wa marehemu baba. Unaukumbuka: ugomvi wa nyumba yetu ulikuwa wa maandishi, na hakuna ruhusa ya kujibu kabla hujaeleza hoja ya mwenzako mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo alivyosema. Ukianza na matusi, barua haihesabiki.

Jambo lenyewe ni Chiriku. Unajua binti yangu huja kwangu wikiendi moja, nyingine anabaki kwa mama yake. Unajua pia tulivyokubaliana na mama yake siku ya kuachana: akitimiza miaka kumi na minne ataamua mwenyewe kama aendelee kuja au aache, na hakuna wa kumlazimisha. Nilitia sahihi bila wasiwasi, miaka kumi na minne nikiiona iko mbali kama mwezini. Anaitimiza mwisho wa Agosti.

Dada, hatakuja. Naiona kwa macho. Anafika Ijumaa jioni, ananiamkia, anavua viatu na kuvipanga pembeni ya mlango, anakaa kwenye ncha ya kochi na mkoba mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Anatazama simu mpaka Jumapili. Nikimuuliza lolote ananijibu, "Sawa tu, baba." Na huyu ndiye tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni!

Nimefikiri sana na nimepata dawa. Nanunua kompyuta ya gemu, ile kubwa yenyewe, naiweka sebuleni chini ya TV, tunakaa kochi moja tunacheza. Kwao wana konsoli, ile mashine ndogo ya gemu ya kuchomeka kwenye TV. Nikinunua konsoli nitakuwa namletea kitu alichokwisha kukizoea, tena chenye nguvu ndogo. Kompyuta ina picha safi kuliko konsoli yoyote. Gemu zake huuzwa kwa bei ya kutupa kila msimu. Kucheza mtandaoni hulipii ada. Kipande kikichoka unabadilisha kipande, hununui mashine nzima. Na ataitumia kwa masomo.

Bei iko juu, sikatai. Ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi, mbali sana zaidi. Lakini naona inafaa. Unasemaje?

Mdogo wako

*

6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo umetulia, kilichopanda ni damu. Barua yako imenifanya nichelewe kupeleka makala yangu gazetini, na mhariri, ambaye kila wiki ananiomba nipunguze ukali, leo ameniomba mara mbili kabla hata hajaisoma.

Nianze kwa kukutendea haki. Unasema hivi: mtoto anachoka kwako, akiendelea kuchoka, Agosti ikifika atakuaga, gemu ndiyo itakayomshika, na kama ni gemu, basi iwe kwenye mashine inayoishinda ya kwao. Ndivyo? Ndivyo. Sasa kaa chini.

Mimi sibishi kwa kubahatisha. Jana nilikwenda duka la vifaa vya umeme, nikamkamata muuzaji mmoja mwenye tai.

"Ni kwa matumizi ya sebuleni, mama?"

"Sebuleni."

"Chukua konsoli."

"Kwa nini? Kompyuta ndiyo ghali. Hulipwi kamisheni wewe?"

Akacheka, akatazama nyuma kama bosi yupo. "Nalipwa, mama. Lakini kompyuta ikigoma utarudi kunigombeza mimi. Konsoli haigomigomi."

Nikamwambia yeye ni mtu wa kwanza kunieleza ukweli ndani ya duka tangu mwaka uanze.

Konsoli imeundwa kwa ajili ya kochi. Ina kitufe kimoja, unabonyeza, unacheza, unazima, unalala. Kompyuta imeundwa kwa ajili ya meza na mtu mmoja aliyeinama. Kuiweka sebuleni ni sawa na kumwalika mhasibu harusini: atakuja, ataketi, lakini hataacha kuuliza maswali. Hizo gemu za bei ya kutupa utanunua lundo na kucheza mbili. Najua, ndivyo ninavyofanya na vitabu. Ada ya mtandao unayojisifu kuikwepa, kaa uihesabu: utailipa mpaka Chiriku aolewe ndipo ifikie bei ya ile kadi ya picha ya ndani ya kompyuta peke yake. Na tafadhali usinitajie masomo. Hakuna binadamu aliyewahi kununua kadi ya picha ya bei ile kwa sababu ya insha.

Hayo ni ya pembeni. Nakuja kwenye penyewe. Umeandika "kwao wana konsoli" ukapita mbio kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Kwao ni kwa nani? Ni kwa wifi yangu (ndiyo, bado ni wifi yangu, talaka ni yako, mimi sikuachana na mtu) na yule daktari wa meno aliyemuoa. Konsoli ni ya daktari wa meno. Wewe unataka Chiriku akae kwako, atazame picha, alinganishe, kisha daktari wa meno atangazwe kushindwa. Ndugu yangu, huo ni wivu wenye waya wa umeme. Unamfanya mtoto refa wa mechi ambayo hakuomba kuichezesha.

Nunua konsoli. Kinachobaki mpeleke mkatembee.

Dada yako

*

10 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini hujambo na mhariri naye hajambo. Chiriku alikuwa na mafua, yamepona.

Hoja yako: konsoli ni nafuu, ni rahisi, imezaliwa kwenye kochi, na mimi nina wivu. Nimeieleza sawasawa? Hiyo ya mwisho naikataa bila maelezo. Nyingine zimechelewa. Barua yako ilipofika vipande vilikuwa njiani.

Nimeiunda mwenyewe juu ya meza ya kulia. Natamani ungeiona. Waya zote nimezifunga na kuzipanga, feni husikii, ukifungua ubavu wake unaona kazi ya mtu mwenye akili timamu. Fundi mwenzangu alikuja kuitazama akakaa kimya muda mrefu, na yeye si mtu wa kukaa kimya.

Wikiendi hii imekuwa ya kwanza. Ijumaa Chiriku alisimama mbele yake, taa zinamulika usoni, akasema, "Baba, hii kali!" Tangu mwaka uanze sikuwa nimesikia sentensi yenye alama ya mshangao kutoka kwake. Akauliza kama anaweza kuiwasha. Nikamwambia asubiri, kuna mpangilio: kwanza stabilaiza ya kusawazisha umeme, unangoja taa iwe ya kijani, halafu TV, halafu kompyuta, halafu paswedi, ambayo ninayo mimi. Kazini kwetu hiyo ni sheria. Aliyezima umeme ndiye anayeuwasha, na ufunguo wa kufuli haukai popote isipokuwa mfukoni mwake. Kuna mafundi waliopoteza vidole kwa sababu mwenzao alidhani kazi imekwisha. Mimi nimeizoea mpaka nyumbani. Swichi ya maji moto nayo nimeibandika karatasi ya onyo.

Jumamosi tuliamka na apdeti. Ilipoisha, pedi ya pili ya kuchezea ikakataa kuonekana. Ilipoonekana, sauti ikahamia mahali pasipojulikana. Nikaingia nyuma ya TV na tochi. Nilipotoka, muda wa chakula cha mchana ulishapita. Tukacheza mashindano ya magari, nikiwa wa mwisho na yeye wa kwanza, mpaka dirisha likafunguka katikati ya skrini kuniuliza kama nakubali kusasisha kitu ambacho sijawahi kukisikia. Gari lake likaingia ukutani.

"Sawa tu, baba," akasema. "Wewe tengeneza kwanza." Akachukua simu yake.

Ni mambo ya mwanzo. Hata lifti mpya husumbua mwezi wa kwanza.

Mdogo wako

*

13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nafurahi mafua yameisha. Mimi mzima, tena leo mzima kupita kiasi.

Hoja yako: ni mambo ya mwanzo. Nimeieleza yote, haikuwa ndefu.

Kwa hiyo Chiriku amesafiri mji mzima kuja kuutazama mgongo wako ukiwa nyuma ya TV. Angeweza kutumiwa picha yake.

Sikuandikii leo kubishana, kwa sababu ubishi umeshindwa kukusaidia. Nimelipwa fedha za kitabu cha shule nilichohariri mwaka jana, nami nimenunua konsoli. Nimeituma kwa anwani yako, jina la mpokeaji ni Chiriku. Nililinganisha zote zilizopo sokoni, nikasoma kila jedwali la bei, nguvu na maisha ya kifaa, na hii niliyochagua imezishinda nyingine mchana kweupe. Ifungue, ichomeke, bonyeza. Usinishukuru.

Dada yako

*

25 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa dhati, maana tangu Machi sijui kama unapumua.

Kampuni ya mizigo inaniambia kifurushi kilipokelewa na sahihi ni yako. Wamenitumia picha yake, nami ile "R" yako iliyopinda mguu naijua tangu uko darasa la pili. Nimepiga simu, hupokei. Nimempigia wifi, akaniambia u mzima, alikuona Jumapili ukimrudisha mtoto. Nikamuuliza Chiriku anaionaje zawadi ya shangazi. Akaniuliza, zawadi gani?

Nakungoja.

Dada yako

*

28 Mei

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Simu naiona.

Konsoli yako iko juu ya kabati la chumbani, ndani ya boksi lake. Sikumwambia Chiriku. Ulichofanya Machi hakikuwa hoja, kilikuwa ubabe. Utaratibu wa baba hauna kifungu cha kumtumia mwenzako mashine. Ningeiwasha, kila mara ningeona uso wako kwenye skrini ukiniambia "sikukwambia?"

Na nikwambie lingine, kwa kuwa umesoma kila jedwali. Uliyotuma ni aina tofauti na ile ya kwa mama yake. Timu yake, marafiki anaocheza nao, hatua zote alizofika, vyote viko kule na havihamii kwenye hii. Ungeuliza swali moja tu ungejua. Hukumuuliza mtu.

Unataka habari, habari ndiyo hii. Kompyuta sasa haina tatizo hata moja. Nimetengeneza kila kitu, inawaka bila kigugumizi, picha ni kama dirisha. Hakuna anayeigusa. Wikiendi moja Chiriku hakuja, alisema ana kazi ya shule ya kikundi. Iliyofuata alikuja Jumamosi badala ya Ijumaa. Hii iliyopita alikuja Ijumaa lakini alinisaidia kuosha vyombo kwa adabu nyingi sana, na adabu hiyo ndiyo inayonitisha.

Imebaki miezi mitatu.

Mdogo wako

*

1 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole.

Hoja yako: nilikupiga kwa mashine badala ya kwa maneno, na mashine yenyewe nilikosea, kwa sababu nilisoma kila kitu isipokuwa mtoto. Nimeieleza vizuri kuliko ulivyoieleza wewe, kwa sababu imeniuma. Nimekaa nayo siku tatu nikitafuta pa kuishambulia. Sipaoni.

Lakini usianze kushangilia. Wewe ulimuuliza? Umejua lini kwamba timu yake iko kwenye aina ile nyingine? Umejua baada ya kununua huo mnara wako wa kompyuta, kwa kuchungulia simu yake, sivyo? Tumeandikiana tangu Februari. Hoja yako naijua kama anwani yangu, na yangu unaijua. Tumegombana kwa ufasaha mkubwa mno. Na katika barua zote hizi hoja ya Chiriku iko wapi? Nimezirudia moja moja. Anasema "baba, hii kali", anasema "sawa tu", basi. Ni kesi ya ajabu hii, mawakili wawili wanapasuka koo na mwenye kesi amekaa nje kwenye benchi.

Kwa hiyo nakupa kazi. Kaa naye. Eleza hoja yake, msomee, mpaka akiri kwamba ndivyo. Asipokiri, anza upya. Mpaka hapo usiniandikie, nami sitakuandikia, na konsoli iache juu ya kabati izeeke.

Dada yako

*

14 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini mgongo hauna neno. Mimi mzima.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa naogopa. Mara mbili alikuja, mara mbili nilimtazama akiondoka bila kumuuliza. Juzi Jumamosi nilijikaza, lakini kwa kuibia: niliandika hoja yake mwenyewe kwanza, ili nisikae mbele yake mikono mitupu. Niliandika: "Chiriku anaona kwa baba kunachosha. Anataka gemu wanazocheza marafiki zake. Angependa kuja mara chache zaidi." Tulipokuwa tunakunywa chai nikamsomea.

Akacheka. Halafu akaona mimi sicheki.

"Sivyo," akasema.

"Kipi sicho?"

"Chote."

"Basi sema wewe, mimi naandika."

"Kama polisi?"

"Kama babu yako."

Alizungusha kikombe muda mrefu. Nilikuwa na hamu ya kumsaidia kusema lakini nikauma ulimi.

"Hapa siwezi kuwasha kitu," akasema.

Nikaanza kumweleza kuhusu stabilaiza. Akanikatiza, na Chiriku hanikatizi siku hizi.

"Si hiyo tu. Nikitaka gemu, nikuite. Nikitaka kuoga, kuna karatasi, nikuite. Ile siku nilitaka kuchaji simu, soketi imeandikwa 'Niulize kwanza'. Kwa mama hata siipendi sana ile konsoli, ya anko, pedi yake moja inakwamakwama. Lakini nikitoka shule naiwasha. Sisemi na mtu. Hapa nakaa kama niko ofisini kwako, naogopa nitaharibu kitu."

"Lakini kompyuta ni nzuri kuliko..."

"Ni nzuri sana, baba. Ni yako."

Nikaiandika hiyo pia, kwa sababu ndiyo kazi uliyonipa.

"Sasa ungependa tucheze gemu gani?" nikauliza.

"Yoyote ninayoweza kuwasha bila kukuita."

Nikamsomea yote. Akasema ndivyo. Nikauliza kama kuna la kuongeza. Akasema, "Andika kwamba sikusema sitaki kuja." Nimeandika. Kusema hakusema hataki, Dada, bado si kusema atakuja. Naijua tofauti.

Alipoingia kuoga nilizunguka nyumba nikibandua karatasi zangu. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Nyingine sikukumbuka kuziandika. Mlango wa friji ulikuwa na mbili. Kisha nikaihamishia kompyuta chumbani kwangu, nikashusha boksi lako, nikamwambia ni lake kutoka kwa shangazi na nililificha mimi. Hakuniuliza kwa nini. Aliniambia nikae.

Alifungua mwenyewe. Alichomeka waya kwenye tundu lisilo lake nyuma ya TV; mimi nimekaa kwenye kochi naliona tundu sahihi kwa macho yangu mawili, nimekalia mikono. Kazini hilo lingekuwa kosa la kufukuzwa. Alitoa, akageuza, akajaribu jingine, akatukana kidogo (nilijifanya sisikii), ikawaka. Nikamkumbusha kwamba si aina ya kwao, timu yake haimo, ataanza sifuri. "Haidhuru," akasema, "nitakuwa na mbili."

Wikiendi hii nimeshindwa kila gemu. Nimemchongea pia ufunguo wa nyumba, nimempa bila hotuba.

Sasa nikujibu swali la Februari, maana ni haki yako. Kwa mtu anayeishi peke yake na anapenda kushika bisibisi, ile kompyuta haina mpinzani, na kila senti niliyotoa ilikuwa halali. Usiku wa kuamkia leo nimechora mfumo mzima wa waya za lifti juu yake na nilifurahi kama mtoto. Kwa sebule ambayo mmoja ni fundi na mwingine anajiona mgeni, ilikuwa kosa. Umeshinda, lakini kwa sababu zisizo zako.

Agosti ni mwezi ujao. Nimejiapiza sitamuuliza.

Mdogo wako

*

17 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo hauna neno. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Hoja ya Chiriku: mahali ambapo huwezi kuwasha taa bila ruhusa si kwenu, hata wakuwekee picha safi namna gani. Nimeitazama mbele na nyuma, nikaigonga kila upande. Ni hoja kamili. Mimi nilipigania bei, wewe ulipigania nguvu, na tungepigana mpaka tuzikwe. Mtoto ana miaka kumi na mitatu, amemaliza kesi kwa kikombe cha chai.

Mhariri ameona makala ya wiki hii ni ya upole akaniuliza kama naumwa.

Nakubali kushinda kwa sababu zisizo zangu. Nimewahi kushinda kwa njia mbaya zaidi. Ila usije ukajidanganya kwamba kubandua karatasi kunatosha. Utazibandika tena. Utaona tone la maji karibu na soketi na mkono utakuwasha. Uzuie.

Agosti ikifika usiniache roho juu. Akisema atakuja, niandikie siku hiyo hiyo. Akisema haji, niandikie vilevile, nipande basi.

Dada yako

*

4 Septemba

Dada, shikamoo.

Natumaini hujapanda basi. Samahani kwa kukuweka roho juu. Nami ya kwangu ilikuwa huko huko.

Siku yake ya kuzaliwa alikuwa kwa mama yake. Nilimpigia, tukaongea kuhusu keki na somo la kemia. Kuhusu kuja hakusema lolote. Sikuuliza. Mama yake naye alichukua simu, akaniambia mtoto hajasema kitu na yeye hajauliza kitu, kwa sababu walikubaliana na daktari wa meno wasimsukume. Nilimwambia ampe daktari shukrani zangu. Ndiyo, Dada, nilisema hivyo. Kesho Ijumaa ndiyo zamu yangu, kwa hiyo nilijipanga kusubiri mpaka kesho nione kama mlango utagongwa.

Jana Jumatano umeme ulikatika mapema kwenye jengo tunalofanyia kazi, tukaruhusiwa kuondoka. Nimefika nyumbani nakuta mlango haujafungwa kwa ufunguo. Nikadhani mwizi. Nikatoa spana kubwa kwenye mkoba, nikaingia nikinyata.

Viatu vya shule viko katikati ya korido, kimoja kimelala ubavu. Swichi ya maji moto imewashwa. Jikoni kuna sufuria yangu ya mchuzi, kifuniko kiko chini, kijiko kimo ndani. Sebuleni Chiriku amejitandaza kochi zima, pedi mkononi, kipaza sauti mdomoni, anamgombeza mtu nisiyemjua kwamba anacheza kama amefungwa mikono.

"Shikamoo, baba," bila kugeuka.

"Marahaba. Leo Jumatano."

"Najua. Subiri, subiri, wananizunguka."

Simu ikaita. Mama yake. "Yuko kwako?"

"Yuko."

"Si siku yako leo."

"Si siku yangu."

"Anarudi saa ngapi?"

Nikamuuliza Chiriku. "Mwambie mama nitampigia." Nikamwambia mama yake atampigia. "Haya," akasema. "Mwambie daftari la hesabu liko huku, alipitie kesho kabla ya shule."

Nikabaki nimesimama katikati ya chumba na spana yangu. Nilikuwa na maneno niliyomwekea kwa siku atakayoamua, Dada. Nimeyatengeneza tangu Februari, nimeyapunguza, nimeyapiga msasa, mpaka mengine nilikuwa nimeyaibia kwenye barua zako. Nikafungua mdomo.

"Baba, umesimama mbele ya TV."

Nikasogea.

Mdogo wako